Ombi la Lango la Zahanati, na Kibuyu Chake

Jumatatu, 3 Juni

Kwako Daftari,

Salamu za heshima. Nakuandikia, mimi katibu wa kamati ya kupunguza pombe, kutunza kumbukumbu za ombi la wananchi wa kitongoji chetu, hapa Nyakasimbi, kuhusu pombe inayouzwa mbele ya lango la zahanati. Madhumuni ni mawili: nisisahau kitu, na nisijidanganye.

Leo nimepalilia migomba mpaka saa nne. Nikanawa, nikakaa mezani. Rasimu ya tano. Nimefuta "tunaomba kwa unyenyekevu mkubwa" nikaweka "tunaomba kwa heshima". Unyenyekevu ukizidi, karatasi yako huwekwa chini ya nyingine zote. Nimeisoma kwa sauti mara mbili. Mke wangu, Mama Alinda, aliuliza kutoka jikoni kama tumepata mgeni.

Ombi lenyewe ni fupi. Alhamisi ni siku ya kliniki ya presha na sukari. Klabu ya Ma Paskazia inatazamana na lango la zahanati. Katikati ni barabara tu. Mgonjwa hutoka na vidonge mkononi, huvuka, huvimeza kwa rubisi, pombe ya ndizi. Wengine kwa pombe kali ya chupa ndogo. Tunaomba siku ya Alhamisi klabu isifunguliwe mpaka kliniki ifungwe. Hilo tu.

Sababu yangu ya kweli ni kaka yangu, Ta Leonsi. Ana sukari. Ana kidonda mguu wa kushoto tangu msimu uliopita wa kahawa. Muuguzi alisema bila kuzunguka: akiendelea kunywa, mguu utakatwa. Hili sikuliandika kwenye ombi. Ombi si mahali pa kulilia.

Jumanne, 4 Juni

Mafunzo ya asasi za kiraia, Kanoni. Niliketi mstari wa mbele. Siku njema kuliko zote mwaka huu.

Nimepata istilahi: "magonjwa yasiyoambukiza". Nilikuwa nikiandika "magonjwa ya kisasa", jambo ambalo sasa linaniaibisha. Nilisimama nikauliza swali lenye vipengele vitatu. Mwezeshaji alijibu viwili. Cha tatu alisema ni kizuri sana.

Mjumbe mmoja kutoka Isingiro, kule Kyerwa, alieleza jinsi walivyohamisha klabu iliyokuwa jirani na shule yao. Hawakuanzia ofisini. Walianzia kwa wazee. Nimeandika kwa herufi kubwa: WAZEE KWANZA.

Nimerudi kwa bodaboda nikitabasamu peke yangu. Vumbi mpaka kwenye meno.

Alhamisi, 6 Juni

Sahihi arobaini na moja! Nilikaa kwenye benchi la zahanati tangu saa moja asubuhi. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba. Bibi mmoja aliweka yote mawili, akasema ana hasira ya watu wawili.

Ta Leonsi alikataa.

"Projestus, unataka nitie sahihi hati ya kunifunga mimi mwenyewe?"

Alisema mbele ya watu. Kisha akavuka barabara akichechemea, vidonge mfukoni. Ma Paskazia alimwekea kiti. Akaniona, akapaza sauti: "Shikamoo, katibu wa maji!" Klabu nzima ikacheka. Nikaitika marahaba. Adabu ni adabu.

Arobaini na moja, na sahihi moja niliyoitaka haimo.

Ijumaa, 7 Juni

Mtendaji wa kijiji amepokea ombi, akaligonga muhuri na kunirudishia nakala. Muhuri umekaa sawa, haukupinda. Halmashauri ya kijiji itakaa Jumanne ya tarehe 18. Anataka kwanza kauli ya wazee wa kitongoji. Nilimwambia nilikwisha kulifikiria hilo. Aliniangalia kwa heshima, nadhani.

Nikaenda moja kwa moja kwa Ta Kahwa, mkubwa wa wazee. Amekubali wazee wakae Jumatano. Nilipokuwa nimefika kwenye ua akaniita.

"Na kibuyu, Projestus?"

Nilikuwa nimesahau. Anayepeleka jambo kwa wazee hupeleka kibuyu cha rubisi. Kikinywewa, jambo limepokelewa, na wazee hawawezi tena kukaa kimya. Lazima watoe jibu. Bila kibuyu jambo halina mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa baba, na kwa baba yake.

Basi mimi, katibu wa kamati ya kupunguza pombe, natakiwa kupeleka pombe ili ombi la kupunguza pombe lisikilizwe. Nilitembea mpaka nyumbani bila kumsalimia mtu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepata! Mramba. Maji matamu ya ndizi mbivu, kabla hayajachachuka. Mila inataka kibuyu. Hakuna aliyewahi kusema kwamba lazima kilewe. Nimeruka mfereji wa kahawani kama kijana. Nina miaka hamsini na sita.

Jumatatu, 10 Juni

Kukamua ndizi. Mimi na Mama Alinda, kwa nyasi, mpaka mikono ikatunata. Mramba umetoka mwepesi, wa rangi ya asali. Mtu makini hutayarisha mambo mapema.

Mama Alinda alitaka tuutie kwenye ndoo mpya ya plastiki. Sikukubali. Mbele ya wazee nitaenda na ndoo? Nimeteremsha kibuyu cha marehemu baba, kile cha sherehe, chenye shingo iliyosukwa. Nikakisuuza.

"Hicho kimeshika rubisi miaka thelathini," alisema. "Unadhani leo kimeokoka?"

Nikamjibu kwamba chombo hakina dini. Nimekifunga kwa jani la mgomba, nikakiweka kwenye uchaga juu ya jiko, mahali salama.

Jumatano, 12 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Saa tatu tulikuwa sebuleni kwa Ta Kahwa. Wazee saba, nyasi mpya sakafuni. Ta Leonsi naye alikuwepo, kwa kuwa ni mzee wa ukoo wetu. Nilisoma ombi lote nimesimama. "Magonjwa yasiyoambukiza" nililitamka polepole. Hakuna aliyekohoa. Nikaeleza kwamba kibuyu nilicholeta ni mramba mtupu, kinywaji kisichomdhuru mtu. Nikatumia neno "mfano wa kuigwa".

Ta Kahwa akafungua jani. Kibuyu kikapumua. Povu likapanda shingoni, likamwagika vidoleni mwake. Akaonja. Akafumba macho. Akaonja tena, kwa uhakika.

"Katibu," alisema, "hii ni rubisi nzuri kuliko ya Ma Paskazia."

Wazee walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Nilisimama na karatasi yangu. Siku mbili kwenye joto juu ya jiko, ndani ya kibuyu cha baba. Mama Alinda alijua. Mimi ndiye ambaye sikusikia.

Kikombe kikazunguka. Kikafika kwa Ta Leonsi. Akakishika. Wote wakamtazama, kwa sababu wanaujua mguu ule. Alikitazama muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Mdogo wangu, ukichachuka ni pombe. Usipochachuka ni sukari. Mimi ulitaka ninywe nini?"

Siku tisa za kuandika, mafunzo ya Kanoni, mstari wa mbele, na sikulifikiria hilo hata mara moja. Mramba ni sukari. Nilimletea kaka yangu sumu ya aina mbili ndani ya chombo kimoja cha heshima.

Akakipitisha kikombe kwa jirani yake. Akaomba maji. Binti wa Ta Kahwa akaleta, akanywa yote. Kisha akasema, taratibu, kama anayezungumza na nyasi:

"Hapa nimekataa kwa sababu mnanitazama. Pale getini hakuna anayenitazama. Lete hiyo karatasi."

Akatia sahihi. Jina lote, pamoja na la baba. Sahihi ya arobaini na mbili.

Ta Kahwa akasema kibuyu kimenywewa, basi jambo limepokelewa, na jibu la wazee ni ndiyo. Saba kwa saba. Wakanitaka nikamalizie kazi ya kuandika; kibuyu watakimalizia wao.

Nimeaibika. Nina furaha kupita kiasi. Yote mawili ni kweli, na siwezi kuyatenganisha.

Alhamisi, 13 Juni

Habari imefika kila mahali. Ma Paskazia amenisimamisha barabarani.

"Ta Projestus! Nasikia umekuwa mshindani wangu. Nikuazime leseni?"

Nikamwambia hatutaki kumfunga. Alhamisi tu, mpaka saa nane, kliniki ikifungwa. Aliacha kucheka. Alisema Alhamisi ndiyo siku yake ya kupata ada za watoto, watu hujaa kwa sababu ya kliniki. Nikasema ndiyo maana. Hakunitukana. Nami sikumhutubia, ingawa nilikuwa na sentensi tayari.

Jumanne, 18 Juni

Halmashauri ya kijiji imekaa. Kauli ya wazee imesomwa, ombi limesomwa. Mjumbe mmoja alisifu lugha! Nilikuwa nje dirishani, nikasikia kwa masikio yangu. Muuguzi alialikwa, akazungumza kwa ufupi na vizuri. Nimekuwa nikipanda na kushuka pale nje kama kuku mwenye yai.

Jibu: ombi lina hoja, litajibiwa kwa maandishi. Hawakusema lini. Nimeuliza lini. Wamesema hivi karibuni. "Hivi karibuni" si tarehe.

Alhamisi, 20 Juni

Nimempeleka Ta Leonsi kliniki. Kidonda kimesafishwa. Muuguzi amesema rangi yake ni afadhali kidogo, hakusema zaidi. Vidonge vya wiki nne.

Tulipotoka, klabu ilikuwa wazi. Ma Paskazia alikuwa mlangoni. Hakuita. Kaka alisimama kwenye lango, mkono begani kwangu.

"Projestus, wewe tembea upande ule."

Nikahamia upande wa klabu. Tukapita hivyo, mimi nikiwa kati yake na mlango, mpaka kwenye kona ya mibuni. Nyumbani alimeza vidonge kwa maji.

Jioni nimeandika barua moja, bila rasimu. Naiweka hapa nakala:

Ndugu Mtendaji wa Kijiji, rejea ombi letu lililopokelewa tarehe 7 Juni. Kaka yangu amepita leo, kwa kuwa nilikuwepo. Sitaweza kuwepo kila Alhamisi kwa kila mgonjwa. Kliniki ijayo ni tarehe 27. Naomba uamuzi kabla ya siku hiyo.