Nabwire Amebishana Bei

Alhamisi, Busia

Kumbe kansa nazo si moja! Tangu wanipasue shingo nimekuwa nikijizika mwenyewe, kwa sababu shangazi yangu aliuawa na kansa ya hapo hapo.

Leo daktari wa Tororo amenisomea majibu ya ule uvimbe walioutoa. Kansa ya tezi ya koo ina aina nyingi, amesema. Ya shangazi ilikuwa ile adimu yenye kasi, inayokaba pumzi kabla watu hawajapanga safari ya hospitali. Yangu pia ni adimu, lakini imetulia. Ilijifungia ndani ya ganda lake, haikutoboa popote, na wameitoa yote.

"Utarudi kupimwa, mama. Lakini nenda ukauze maharagwe yako."

Hofu haijaisha. Kila nikimeza mate naisikiliza shingo.

Kilichokuwa kikinikera ni soko. Tangu waone bandeji, hakuna mteja aliyebishana nami bei. Nikitaja tu, wanalipa wakiinamisha macho, kama wanatoa rambirambi. Hata Nabwire, ambaye hanunui kitu bila vita!

Nimetoka Tororo moja kwa moja hadi kwenye meza yangu. Nabwire alikuwa hapo, nikamweleza. Amenikumbatia, akalia, akajifuta kwa leso. Kisha akachota maharagwe kiganjani.

"Bei gani?"

Nikamtajia.

"Mama Akinyi, hiyo hapana! Wewe naibia watu!"

Sijawahi kufurahia kuitwa mwizi hivi. Tumegombana mpaka sauti ikanikauka, na sikumpunguzia hata shilingi.