Matonge Manne Nyumbani kwa Baba Yako

Tibirinzi, Chake Chake
1961

Mpendwa mke wangu,

Leo asubuhi nimekula nusu yai la kuchemsha na kipande cha muhogo kisichozidi kidole gumba. Nimetafuna polepole kama ulivyonizoesha, sikunywa maji juu yake, na hadi adhuhuri vilikuwa vimekaa tumboni. Nimeandika hivyo katika daftari langu, chini ya tarehe, kama ninavyoandika kila siku. Zamani ungesimama nyuma yangu ukasoma na kucheka. Siku hizi naandika, nakausha wino, nafunga.

Daftari ndilo linaloniambia kwamba huu ni mwezi wa saba tangu nirudi kutoka hospitali Unguja, na wa tano tangu wewe uondoke. Kwa hiyo wewe na mimi na tumbo langu jipya tulikaa pamoja miezi miwili tu. Kurasa za miezi hiyo zimeanza kulegea kwa kufunuliwa.

Uliponipokea gatini Mkoani ulitazama kanzu inavyonipwaya, ukasema, "Nimepeleka mume mzima, wamenirudishia nusu." Nilicheka nikashika mshono. Nilikwambia alivyosema daktari: vidonda vilivyokuwa vikinitapisha damu vilikuwa vimekula sehemu kubwa ya tumbo, naye ameikata, lililobaki ni kama ngumi ya mtoto, na itabidi lifundishwe kula upya. Ulipofika nyumbani ulitoa finjani moja ya kahawa kabatini, ukasema hicho ndicho kipimo.

Uji wa mchele uliuchuja kwa kipande cha leso kuukuu mpaka ukawa kama maji ya kuoshea kitu. Finjani moja asubuhi, moja saa nne, moja adhuhuri, na mimi naandika. Siku ya kwanza uliiweka finjani hiyo katikati ya sinia kubwa, lile la kuletea wali wa wageni, ukakaa upande wa pili.

"Sinia lote hili kwa uji huu?" nilikuuliza.

"Wataka ule peke yako kama mchawi?"

"Lakini uji ni wa mgonjwa. Wewe utakula nini?"

"Mie nitakula kwa macho."

Kesho yake uliongeza finjani ya pili, yako, ukawa unakunywa uji uleule nami, kijiko kwa kijiko, ukinisubiri nimeze. Wiki ya pili nilikukuta jikoni umesimama, umejaza mdomo muhogo na dagaa. Nilikuuliza kama nikuandike daftarini. Ulimeza kwanza. "Andika," ulisema. "Andika mke ni mwizi."

Nakumbuka pia ile siku ya halua. Ulidhani kitu laini hakina madhara, ukanipa kipande kama ukucha. Haikupita robo saa nililowa jasho, moyo ukanienda mbio, nikalala chini sakafuni. Ulinipepea kwa upepeo huku unalia, unaniambia nisife kwa mkono wako. Nilipopata nguvu nikaandika: *Halua, hapana.* Ukasema hayo maneno mawili ndiyo utakayoyachora mlangoni.

Sasa naandika lile ambalo mimi na wewe tunalijua, na wengine walilijua likiwa limechelewa.

Kabla sijakwenda Unguja nilikuapisha. Nilikutaka uwaambie kwenu Chokocho kwamba nimeitwa kwenye mafunzo ya makarani. Ulinisihi tumwambie walau baba yako, Mzee Hamadi, maana yeye ndiye aliyenioza na ndiye angeniombea dua. Nilikataa. Nilikupa sababu nyingi, kwamba kazini wakijua nimekatwa tumbo watanihesabu mtu mbovu, kwamba sitaki kuhurumiwa. Hiyo sababu nyingine sikuitaja. Wewe ulijua. Siasa ya vyama ilikuwa imeshaingia mpaka visimani. Fundi wa upande ule hashoni kanzu ya mtu wa upande huu, na maiti wa huku hazikwi na wa kule. Baba yako alikuwa upande ule, mimi huu. Sikutaka baraza yao ijue kwamba nimelala kitandani natapika damu. Niliogopa watafurahi. Nilimweka baba yako katika hesabu ya watakaofurahi, mzee aliyewahi kunivulia koti lake siku ya mvua.

Ukaapa. Ukaitunza siri.

Bibi yako alipofariki, nilikuwa katika wiki ya nane na nimeanza wali uliopondwa, vijiko vitatu. Siku ya hitima ulinitazama nikivaa, ukasema, "Leo niachie nimwambie baba. Neno moja tu." Nikasema nitakula matonge mawili, nitajifanya nazungumza, hakuna atakayeona.

Sikufikiria kwamba baba yako angeniheshimu. Baada ya kisomo aliniita nikae kwenye sinia lake mwenyewe, pamoja na ami yako na wazee wawili. Watu walitazama, maana mkwe wa upande wa pili kukalishwa pale haikuwa jambo dogo siku zile. Nikala tonge la kwanza, la pili. Nikaanza kuzungumza habari za mvua.

"Mkwe, wala kwa ncha za vidole," alisema ami yako. "Wali wetu wakuchoma?"

Wazee wakacheka. Baba yako hakucheka. Alichambua nyama, akaondoa mfupa, akanisogezea mnofu mbele yangu kama anavyomfanyia mgeni wake. "Kula, mwanangu," alisema. "Hii hitima ya bibi yenu, haina chama."

Nilikula tonge la tatu kwa ajili ya neno hilo, na la nne pamoja na mnofu. Nikahisi jasho linaanza shingoni. Nilisimama bila kunawa, nikatoka, sikufika mbali. Nilitapika ukutani, mbele ya watu waliokuwa wakivaa viatu.

Nilisikia mtu akisema, "Ameambiwa kwao asile cha kwetu." Mwingine akajibu, "Kaapishwa." Baba yako alikuja mpaka mlangoni. Aliuliza kwa sauti ndogo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi: "Hata wali wa maiti wetu?"

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Maneno mawili yangetosha: nimekatwa tumbo. Nilifuta mdomo, nikasema nina homa kidogo.

Daftarini niliandika: *Matonge manne. Hayakukaa.*

Ulibaki huko siku saba, ukarudi kuchukua nguo. Hukunigombeza. Ulikunja kanga zako moja moja, ukasema, "Uliniapisha nikufichie. Nimekufichia mpaka nimekuwa mwongo mbele ya baba yangu, na bibi yangu kaburini." Nikakwambia nitakwenda kumweleza. Ukasema, "Nenda."

Nilikwenda. Nilivua shati mbele yake nikamwonyesha kovu kutoka kifuani hadi kitovuni. Alilitazama. Nilidhani ataniegemeza kifuani kwake. Alisema, "Pole, mwanangu." Kisha akasema, "Na kwa nini hukuniambia? Ulikhofu nitafanya nini?" Jibu lolote lingekuwa tusi. Akaniambia nivae shati. Yale matapishi angeyasamehe, nadhani, maana tumbo halina hiari. Kule kumficha nilikufanya kwa hiari yangu.

Juzi alikuja ami yako, akakaa hapa kwangu bila kugusa kahawa, akasema wanataka karatasi yako ya talaka. Nilimuuliza wewe mwenyewe wasemaje.

"Hasemi kitu," alinijibu. "Kwako kajifunza kunyamaza."

Daktari amenipima na kuniambia naendelea vizuri, kwamba baada ya mwaka nitaweza kula nusu sahani na kufanya kazi zangu zote. Nilimshukuru. Njiani, nilipokuwa napita Gombani, nilijaribu kuifurahia habari hiyo na sikuweza. Napona, na sijui nampelekea nani uzima huu. Mbele ya sinia tupu nakaa kama nilivyozoea, natafuna, nahesabu, hakuna anayenisubiri nimeze. Nimejaribu kumpata mtu wa kutusuluhisha. Wa upande huu wanasema bora tuachane, wa upande ule wanasema bora tuachane. Hilo tu ndilo walilokubaliana mwaka huu.

Ningekuwa na tumaini ningekuomba urudi. Sikuombi. Nikikunyima karatasi nitakuwa nimekufunga mdomo mara ya pili.

Barua hii siitii gundi. Ami yako aisome, baba yako aisome, baraza nzima ya Chokocho wasomeane, wajue nilikuwa mgonjwa, na wajue wewe ulikuwa mkweli kwa mtu asiyestahili. Najua haitabadili kitu. Kesho saa tatu nimeahidiana na kadhi na mashahidi wawili, mmoja wa kila upande, wote wamekubali kuja.

Nisamehe uji, nisamehe kiapo. Mungu akulinde huko uliko.

Mimi mumeo, mpaka kesho saa tatu.