Sukari ya Mgonjwa

Jumatatu, 3 Juni 1996
Mvua tangu alfajiri. Nimekamua ng'ombe, nimefika shuleni nimelowa. Mume wangu amepeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia. Wiki mbili tangu aambiwe ana kisukari. Tembe anameza bila kelele. Chai bila sukari ndiyo imemshinda. Jana alisukuma kikombe: "Hii ni maji ya kuosha sufuria." Mtu mzima amenuna kama mtoto. Nilicheka. Baadaye nikamhurumia.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata suluhisho. Nilienda kwa Mama Wanjiru, mwenye duka hapa Roret, nikamwomba kitu cha mgonjwa aliyekatazwa sukari. Alifikiri, akashusha kopo la glukosi. "Hii ndio watu hubebea wagonjwa hospitali, Mwalimu. Sijasikia daktari akikataza." Kweli. Hata mimi nililetewa nilipojifungua Chebet. Baba Chebet ameonja, ametabasamu. Haikolei kama sukari, kwa hivyo naweka vijiko vinne. Nina furaha. Ametabasamu mara ya kwanza tangu aanze tembe.

Jumapili, 9 Juni
Hakwenda kanisani. Miguu mizito, anasema. Kiu. Amemaliza birika la chai, kisha jagi la maji. Nimemtilia glukosi kwenye uji pia, apate nguvu.

Alhamisi, 13 Juni
Ameacha kuchuna majani asubuhi, amerudi na kikapu nusu. Haoni vizuri. Usiku anatoka kukojoa mara sita, saba. Mama yake amekuja kumwona. Ametuonyesha sisimizi wamejaa pale mwanawe anapokojolea. Anataka tumpe asali, tuache vitu vya dukani. Nimekasirika. Nimemwambia nafuata masharti ya daktari, mimi nimesoma. Leo nimefungua kopo la pili.

Jumamosi, 15 Juni
Sijui niandike vipi.
Asubuhi hakuamka. Nilimtikisa. Anapumua kwa nguvu, anamwita ndugu yake aliyekufa zamani. Jirani alitoa pikapu ya maziwa, tukamlaza katikati ya mikebe. Hospitalini walimtoboa kidole. Daktari alitazama kipimo, akapima tena. Akauliza amekuwa akila nini. Nilijibu kwa fahari. Ndiyo, kwa fahari. Nikasema sukari haijagusa mdomo wake, anatumia glukosi peke yake.
Akasema, "Mama, glukosi ni sukari. Ndiyo hiyo hiyo tunapima kwa damu."
Nilijikuta nimekaa sakafuni, muuguzi ananishika bega.
Ni mimi. Kwa mkono wangu. Vijiko vinne, mara tano kwa siku, siku kumi.

Jumapili, 16 Juni
Bado hajitambui. Maji yanaingia kwa mshipa, tone baada ya tone. Nimekaa kwenye benchi.
Nafundisha sayansi darasa la sita. Muhula uliopita niliandika ubaoni kwamba chakula husagwa kikawa glukosi, ikaingia kwenye damu. Watoto wakanakili. Nikawasahihishia madaftari. Nilijua na sikujua. Hilo ndilo siwezi kulimeza.
Mama mkwe hajanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumanne, 18 Juni
Ameamka. Amenitaja jina.
Nimemwambia yote, kabla hajaambiwa na mwingine. Amegeukia ukuta.
Nilimwuliza daktari kuhusu asali. Nayo ni sukari. Miwa hivyo hivyo. Kuna vidonge vidogo vya sakarini, mjini Kericho, vinatia utamu na haviongezi sukari mwilini. Lakini anaona bora ulimi uzoee taratibu. Mama mkwe alisikia habari ya asali. Akatazama chini.

Ijumaa, 21 Juni
Tuko nyumbani. Nilimpa chai, akaiacha ipoe. Mama yake akapika nyingine, akanywa. Hajatoa sababu. Hana haja.
Nilienda dukani kumkemea Mama Wanjiru. Mlangoni nikasita. Mimi ndiye mwalimu, yeye aliuza nilichoomba. Nikamweleza tu yaliyotupata. Alishika kaunta kwa mikono miwili.
"Mwalimu, mama yangu ako na huo ugonjwa. Ako Kedowa. Hiyo kopo mimi humpelekea kila mwezi."
Alifunga duka saa nne asubuhi, wateja wamesimama nje. Nilimwona anakimbia kuelekea barabarani. Sijawahi kumwona akikimbia.

Jumatatu, 24 Juni
Duka bado limefungwa. Sijala. Baba Chebet bado hanywi chai yangu. Anaongea nami habari ya ng'ombe na majani, basi.

Alhamisi, 27 Juni
Mama Wanjiru amerudi. Mama yake yuko hai. Kidole kimoja cha mguu kilikuwa kimeanza kuoza, wamekikata. Tulikaa nyuma ya duka. Makopo yote ameyaondoa kwenye rafu ya mbele. Anayetaka sasa anaulizwa ni ya nani.

Jumapili, 30 Juni
Mvua imepungua. Mama mkwe amerudi kwake baada ya ibada. Nilikuwa naosha vyombo. Baba Chebet aliita kutoka nje, alipokuwa ameketi juani.
"Mama Chebet. Nipikie chai."
Nimepika, maziwa mengi. Sikutia kitu. Nikampa. Alionja, uso ukakunjamana. Hakunirudishia kikombe. Amekunywa polepole hadi mwisho, nami nimesimama pale pale, taulo ya vyombo begani.