Uzi Mwekundu Pindoni

Jumatatu, 9 Juni

Leo muuza mkaa kaniita Mama Mwalimu mbele ya wateja. Sikumsahihisha. Nimsahihishe kwa lipi? Binti yangu bado hajamaliza chuo, yuko mafunzoni tu, lakini darasa la nne zima linamwita mwalimu. Na mimi niliyeishia la saba, nikakaa kwenye cherehani, ndimi niliyemzaa. Naandika humu kwa sababu mdogo wangu kasema nikiendelea kuwasimulia watu, mtaa utahama.

Jioni mwanangu kanywa chai na viatu miguuni. Akiwa hivyo najua kabeba watoto wa watu kichwani. Chuo kimewaagiza wajue wanafunzi wanatoka nyumba za namna gani, basi kila akitoka shule anapitia kwa mzazi. Anasema chuoni walifundishwa kumwona mtoto kuanzia mlango wa darasa, kumbe mlango wenyewe uko mbali nyuma. Yule anayesinzia ndiye anayemgeuza bibi yake kitandani usiku. Yule mkorofi baba yake anaendesha malori — akirudi wanaogopa, asiporudi wanaogopa. Nikamwambia, wewe kazi yako hesabu. Akanisogezea kikombe. Nikamwongezea chai.

Jumatano, 11 Juni

Pasi yangu ya umeme imeungua. Imetoa moshi kisha kimya. Na gauni la bi harusi linaning'inia hapa limekunjamana kama uso wangu.

Lakini si hilo linalonikosesha raha. Kuna binti darasani kwake wenzake wanamwita Gundi. Akishakaa kwenye dawati hanyanyuki. Akiulizwa swali anainamisha kichwa, na jibu analo! Mwalimu wa zamani alikuwa akimchapa akidhani ni kiburi. Mwanangu kachunguza taratibu mpaka kajua: sketi ya yule mtoto imeisha nyuma, akisimama yanaonekana yasiyopaswa kuonekana. Mama yake anafulia watu na kuwapigia pasi, baba hayupo.

Basi mwanangu kafanyaje? Kaingia darasani akasema kuanzia leo sisi tunajibu tumekaa. Wote. Hakueleza sababu. Gundi sasa anajibu kuliko wengine.

Mwanangu huyo! Kisha akaniambia, mama, hii ni ya humu ndani. Nikasema, kwani mimi redio?

Halafu akaleta jingine. Mkaguzi wa chuo anakuja Jumatano ijayo. Mwalimu mkuu kishamwonya kwamba darasa lisilosimama kumjibu mwalimu ni darasa lisilo na adabu, na mkaguzi ataandika hivyo. Naye hawezi kujieleza bila kumvua nguo mtoto wa watu. Nimemuuliza, sasa akikufelisha? Kasema, atanifelisha. Kasema hivyo hivyo, anapuliza chai.

Miaka yote hii ya kuinamia cherehani, aje afelishwe na sketi?

Ijumaa, 13 Juni

Sikulala vizuri. Nimewaza, nikawaza, kumbe dawa ninayo mkononi. Mimi ni fundi! Gundi akipata sketi atasimama. Akisimama, darasa lote litasimama, mkaguzi ataridhika, mwanangu atakuwa mwalimu.

Kitambaa cha bluu kilikuwepo. Mtoto namwona akipita na furushi la nguo za watu, kiuno chake nakikadiria kwa jicho. Nimeshona nikiimba. Pindoni nimepitisha uzi mwekundu. Huo uzi siutii kwenye nguo ya mteja hata anibembeleze. Ni wa nguo za nyumbani tu — za mwanangu tangu anatambaa, za mdogo wangu, zangu. Mtaa mzima unaujua. Nimemwekea Gundi kwa mapenzi, ajue sasa ni wa kwetu.

Mwanangu sijamwambia. Nataka ashangae.

Jumamosi, 14 Juni

Gundi kapita asubuhi. Watoto walikuwa bombani, foleni ya ndoo mpaka mlangoni kwangu. Nikamwita. Nikamfunulia sketi, nikampima juu ya gauni alilovaa. Imemkaa! Nikamwambia, Jumatatu usimame vizuri umjibu mwalimu wako.

Alisema asante, shikamoo, kwaheri, kwa mpangilio huo. Maskini, furaha ilimchanganya.

Jumatatu, 16 Juni

Mungu wangu.

Mwanangu karudi mapema. Kaweka sketi mezani. Imefuliwa, imepigwa pasi, mikunjo imenyooka kama rula. Mama yake Gundi kaileta mwenyewe kwenye geti la shule, kamkabidhi, kasema, mrudishie mama, mwambie tunashukuru.

Kumbe asubuhi mtoto kaja kaivaa. Hata hajafika dawatini, mmoja wa wale wa bombani kapaza sauti, "Uzi mwekundu! Hiyo haikulipiwa, hiyo ya nyumbani kwa mwalimu!" Mwingine kamwambia, "Gundi, ulikuwa unaficha nini huko nyuma mpaka ukashonewa?" Darasa likacheka. Mtoto kachukua mfuko wake, katoka. Hakurudi.

Nikasema, mimi nilitaka kukusaidia wewe. Mwanangu kasema, "Najua, mama. Ulinisaidia mimi." Hakupandisha sauti. Angepandisha ningejitetea.

Kaingia chumbani. Chai imepoa.

Jumanne, 17 Juni

Leo tena Gundi hakuonekana shule. Nimefunga kibanda mchana, nikaenda kwao.

Chumba kimoja, pazia katikati. Mashati ya watu yamening'inia ukuta mzima, meupe, hata pa kuegemea hamna. Mama yake alikuwa akipuliza makaa ya pasi. Mdogo kwangu kwa umri, lakini mikono imenizidi uzee.

"Karibu, Mama Mwalimu. Kaa hapo kwenye ndoo, nimeifunika."

Nikakaa. Maneno yote niliyoyapanga njiani yakanitoroka. Nikaanza habari za pasi yangu iliyoungua, sijui bi harusi, sijui mikunjo. Ananisikiliza huku mkono unakwenda. Mwisho nikasema, dada, nisamehe, nitaufumua ule uzi.

Akasema, "Ufumue usifumue, macho yameshaona."

Kisha kaiweka pasi pembeni. "Mwanangu alirudi akaniambia, mama, siku hizi darasa letu linajibu limekaa. Nikajua. Yeye akajua kwamba nimejua. Hatukusemezana. Niliinunulia sindano ile sketi kuukuu, kitambaa hakishiki tena, nikawa nasubiri nipate cha kumlipa fundi. Mwalimu alitufunika vizuri, dada. Wewe ukaja na tarumbeta."

Nikainuka kwenye ile ndoo.

Nikauliza kama mtoto atakwenda kesho, maana mkaguzi anakuja. Akasema, "Mwanao ana mkaguzi wa kesho. Mwanangu ana wakaguzi kila siku." Akachukua shati jingine. Nyuma ya pazia nilisikia mtu akivuta kamasi.

Jumatano, 18 Juni

Mwanangu kaondoka alfajiri, kavaa gauni nililomshonea kwa ajili ya leo. Nilimuuliza, watajibu wamesimama au wamekaa? Kasema, "Wamekaa." Nikasema, na Gundi asipokuwepo? Kasema, "Wamekaa, mama." Hakunywa chai.

Nilikuwa sijamaliza kufungua kibanda nikaona mtu na pasi ya mkaa mkononi, inafuka. Mama yake Gundi. Nyuma yake Gundi mwenyewe, kajifunga shuka kiunoni, sketi yake kuukuu kaikumbatia.

"Gauni la bi harusi liko wapi?" kaniuliza, hata salamu bado. "Mimi nalinyoosha. Wewe itie hii sketi kiraka. Kazi kwa kazi."

Nilifungua mdomo nimwambie ile mpya ipo, bure kabisa. Nikaufunga. Nikachukua sketi kuukuu, nikaigeuza. Eti nikaulizwa, "Uzi gani huo?" Nikasema, wa bluu. Akaja kuutazama kwenye mwanga mwenyewe, ndipo akaenda kwenye gauni.

Tumefanya kazi tumepeana migongo. Sijawahi kushona kiraka kwa woga namna ile, nimekipitia mara mbili kisijulikane. Mtoto kavaa nyuma ya mlango, katoka, katugeuzia mgongo. "Kinaonekana?" Tukainama wote wawili, mama yake akavuta kitambaa hapa, mimi nikavuta pale. Mama yake kasema, "Kwa anayekitafuta." Mtoto kafikiri kidogo. Kisha kaokota mfuko wake.

Wametoka mbio, mama anamsindikiza mpaka getini. Kengele ya kipindi cha mkaguzi imelia wakiwa wanakata kona, sijui kama kawahi, sijui kama kaingia. Kutoka hapa naona paa la darasa tu. Mwanangu yuko chini yake na hajui lolote. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Gauni la bi harusi limenyooka upande mmoja. Pasi iko hapa kwangu, juu ya meza, bado ina moto.