Siri ya Kona ya Pili

Kokura, 3 Oktoba 1957

Dada Tokie,

Hamjambo huko Sakai? Mgongo wa baba unaendeleaje? Mimi mzima, ila miguu imevimba. Plamu za chumvi ulizotuma zimekwisha, wenzangu wa mazoezi wamezila kama hawana mama zao.

Tarehe kumi naanza mashindano ya baiskeli ya siku tatu. Wanapunguza waendeshaji wa kike, dada, na nisipoingia kwenye tatu bora wananirudisha nyumbani. Kwenye kona ya pili kuna msichana wa Nagoya ananipita kwa ndani kila mara. Wewe unazijua baiskeli kwa hesabu zake. Baba alikufundisha kuchomelea fremu, mimi hata koleo hakunishikisha, na bado linaniuma. Nipe siri ya kona.

Mdogo wako,
Mitsue

Sakai, 7 Oktoba 1957

Mpendwa Mitsue,

Salamu tumezipata. Sisi wazima, mgongo wa baba ni uleule. Upepo wa vuli umeanza, na asubuhi vidole vinakakamaa. Picha yako ya gazetini baba kaibandika karakanani juu ya kalenda, na kila mteja lazima aonyeshwe. Fremu unayoikalia pichani nimeichomelea mimi. Hilo hakuna anayeliuliza.

Siri unaitaka, haya. Ukitaka kwenda kushoto, mikono yako kwanza hugeuza usukani kulia. Kidogo tu, unene wa punje ya mchele. Magurudumu yanakimbilia kulia, mwili unaanza kuangukia kushoto, ndipo usukani unaufuata na baiskeli inakata kona. Bila kwenda kulia kwanza, hukati. Kila kona ni kuanguka, halafu kujidaka. Umefanya hivyo tangu una miaka sita bila kujua. Sasa unajua. Ukiingia kona ya pili, itazame mikono yako vizuri.

Dada yako,
Tokie

Sakai, 9 Oktoba 1957

Mitsue,

Natumaini u mzima, na safari hii siulizi kwa mazoea. Barua yangu ya tarehe saba usiifungue. Ichome.

Niliyoandika humo ni kweli tupu, na ndiyo ubaya wake. Wiki moja kabla ya mtihani wangu wa kuwa mwendeshaji wa mashindano kama wewe, mhandisi mmoja mteja wa baba alinieleza jambo hilohilo. Nilipofika kona ya kwanza nikalikumbuka, mwili ukasahau kazi yake, nikajibamiza ukutani. Kilichofuata unakijua: mimi kwenye moto wa kuchomelea, wewe kwenye magazeti.

Nilijua litakufanya nini, na nikalibandika stempu. Nina wivu na wewe, mdogo wangu. Naamka nao, nakula nao wali. Sikutaka uumie. Nilitaka uanguke tu, urudi, baba aibandue ile picha. Tangu nilipoitia barua hiyo sandukuni sijashika kazi, na baba anadhani nina homa.

Nisamehe ukiweza.
Tokie

Kokura, 15 Oktoba 1957

Dada Tokie,

Salamu kwako na kwa baba. Mimi mzima, sikuanguka. Nimekuwa wa pili na wameniacha nibaki.

Umesahau desturi ya huku. Tukishaingia bweni la mashindano, barua zote zinazuiwa getini mpaka mashindano yaishe, wasije wacheza kamari wanaotuwekea dau wakatutumia ujumbe. Zako nimekabidhiwa zote mbili tarehe kumi na tatu. Moja umeandika juu yake kwa wino mwekundu, "Anza na hii," nikaanza nayo. Nililia, halafu nikakasirika, halafu nikakuonea huruma, halafu nikakasirika tena.

Ile nyingine sikuifungua. Sikuichoma pia. Iko chini ya mto wangu.

Sasa sikiliza, dada. Jana mazoezini, nilipofika kona ya pili, nikawaza: humo kaandika nini? Nikayumba. Mzunguko wa pili nikawaza tena. Leo asubuhi nimegusa ukuta kwa bega, na kocha kaniuliza kama nimesahau kuendesha baiskeli. Naona nikiifungua nitaanguka, na nikiichoma nitawaza mpaka nianguke.

Wewe uliyeiandika ndiye unayejua cha kufanya, niandikie upesi. Ijumaa ya wiki ijayo naingia tena bwenini, na baada ya hapo barua yako haitanifikia.

Mdogo wako,
Mitsue