Aliyelinyoosha Jitu la Bati

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi zisizo na idadi. Nataka kujua hali yako. Kifua kimepoa? Unalala? Unakula ukiwa umekaa, au bado unakula umesimama kama mtu anayesubiri kuitwa? Sisi huku tu wazima. Bibi yako mzima, ila sikio la kulia limekwenda na la kushoto linachagua la kusikia. Dada yako anakusalimu, cherehani yake imepona. Shemeji yako anakusalimu. Wale pacha wao wanakusalimu pia, wameng'oka meno ya mbele siku moja kama walioagana. Baba yako ni mzima. Salamu zake sina, na hilo ndilo lililonikalisha niandike.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, maana kwenye simu nisingeweza kuyamaliza. Dada yako alitaka kuniandikia kama kawaida, nikamkatalia. Unajua shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo penye kosa ruka, usinicheke.

Mwanangu, uliponipigia simu ukaniuliza kama sinema yako ya tatu ya Jitu la Bati imezifikia zile mbili za mwanzo, nilikujibu kwamba imezipita. Nilikuongopea. Haikufika hata magotini mwao.

Ile ya kwanza mliipigia hapa hapa, karakana kwa baba yako. Chombo cha angani kilikuwa bodi la basi bovu, na nyota nilizitoboa mimi kwa msumari kwenye turubai jeusi. Lakini baba yako ndani ya lile vazi la chuma alipomtoa yule binti kwenye moto, huku akiburuta mguu wake wa kushoto alioumia zamani, ukumbi ulikuwa kimya hata mwenye kikohozi alijizuia. Ya pili, Jitu lilipozeeka likasahau jina lake, bibi yako alilia akasema huyo ni mimi.

Sasa hii ya tatu ni kitu gani? Maroboti mia mbili yanapigana na yote yana rangi moja, sijui nimwombee nani. Mji unaanguka, ukiisha kuanguka unaletwa mwingine nao uanguke. Yule binti anatupwa kutoka ghorofani, anaamka nywele zimekaa kama katoka saluni. Hakuna anayesikia njaa, hakuna anayechoka ila sisi tuliokaa. Adui naye anaeleza mipango yake mpaka bibi yako akauliza kama huyu bwana anaomba kura. Shemeji yako akatuambia tusishangae makelele, ndiyo teknolojia. Nikamwambia hata sufuria zikianguka zinapiga kelele, wala hatusemi chakula kimeiva.

Na Jitu lenyewe mmelinyoosha. Refu, linang'aa kama sinia jipya, linatembea kama askari wa gwaride. Watoto wa mtaa wetu miaka yote wamekuwa wakichechemea kwa kumuiga baba yako. Siku ile walitoka pale wanatembea kawaida. Hiyo ndiyo hukumu yako, usingoje ya magazeti.

Mwaka mzima baba yako alisubiri umwite. Hukumwita, akajipa moyo kwamba labda mtatumia picha zake za zamani. Siku ya kwenda kuitazama alivaa koti la harusi ya dada yako, akakaa mstari wa mbele. Jitu lilipotokea alisogea ukingoni mwa kiti, nadhani alikuwa akijitafuta. Picha ilipoisha majina yakaanza kupanda, watu wakatoka. Yeye akabaki, akamwambia dada yako amsomee yote. Dada yako akasoma, madereva, wapika chai, watu wa kompyuta, mpaka mfagiaji akatufikia na ufagio wake.

Baba yako akauliza, "Yamekwisha?"

Dada yako akamwambia yamekwisha. Tukaondoka.

Tangu hapo hataki utajwe. Fundi rangi wa pale karakana alimtania, "Mzee, naona mwanao kakutoa kutu." Wenzake wakacheka. Baba yako akarudi kwenye kazi yake. Kesho yake alilishusha darini lile vazi alilolichomelea kwa mabati ya tangi na mlango wa friji. Jumamosi hii analikata, atengeneze geti la mteja. Nilimsihi aliache. Akanijibu, "Mwenye Jitu hanihitaji. Mimi nahitaji bati."

Sasa mwanangu, kaa chini kama umesimama.

Mlipomaliza ya pili, siku ile ya pigano la juani, baba yako alirudi nyumbani akaanguka mlangoni. Tulimpeleka hospitali. Daktari akasema ni moyo, asibebe tena mzigo kama ule. Baba yako akaniapisha nisikwambie, asije akakuharibia kazi. Nikaapa. Basi mlipotaka kuanza ya tatu, yule binti wa ofisini kwenu alipiga simu yangu, akauliza lini aje kumpima baba yako vazi jipya. Baba yako alikuwa anaoga. Nikajibu kwamba mzee amekataa, anasema hizo ni kazi za kitoto, tafuteni mwingine. Maneno hayo ni yangu. Baba yako hayajui mpaka leo. Wewe ukaumia ukanyamaza, ukaenda kwa watu wa kompyuta. Yeye akaumia akanyamaza. Mimi nikakaa katikati yenu najiona nimeokoa mtu.

Kwa hiyo hayo niliyoyatukana hapo juu, mengine niliyaharibu mimi. Yale ya nywele ni yako mwenyewe.

Sijuti kuogopa. Mimi nilimwona sakafuni, wewe hukumwona. Najuta kwamba sikumwogopea mbele yake, nikampitia nyuma kama mwizi.

Leo ni Alhamisi. Barua hii nampa jirani yetu wa lori, atakufikishia kesho. Nikishampa, nakwenda karakana kumwambia baba yako yote. Wewe mwambie kwamba ulimwita. Usikubali avae tena chuma, hata akijitolea. Kama mtapiga ya nne, mpe kiti na kivuli, awafundishe hao vijana wako jinsi mtu mzito anavyoinuka kutoka chini.

Shemeji yako na pacha wanasema njoo. Bibi yako anasema njoo na betri za redio. Usiniandikie, barua itachelewa. Anaanza kukata saa mbili asubuhi. Piga kabla ya hapo, na upige simu ya karakana, usipige yangu.

Ni mimi,
Mama yako.