Herbert Momanyi: Uchunguzi Tulioufanya Tukiwa Tumechelewa

Mwaka umetimia leo, Baba Cheryl, tangu asubuhi ile ya tarehe 14 Machi 2017 ulipoanguka kwenye ngazi za jengo letu hapa Al Thumama, Doha, kofia yako ya kazi ikiwa mkononi. Daktari alisema ni moyo. Ulikuwa na miaka arobaini na minne. Kalamu nimeishika mimi, mkeo Kerubo, lakini tunaongea nawe sote wa nyumbani.

Tunaukumbuka upole wako, na ubishi wako pia. Ulikuwa mtu wa kumpelekea jirani mgonjwa chai, kisha ukae ubishane naye kuhusu majani ya chai mpaka ainuke kitandani kwa hasira. Ulipokuja Doha mwaka 2007 mama yako alikufungia kilo nne za unga wa wimbi. Ulitoa mbili ili ile ripoti yako ipate nafasi, kurasa zaidi ya mia mbili ulizochapishiwa kwenye saiba ya intaneti mjini Kisii. Tulikucheka sana. Mtu anakwenda Uarabuni na makaratasi ya Wamarekani, unga anauacha!

Ilikuwa ripoti ya uchunguzi wa Columbia, chombo cha anga kilichovunjika Februari 2003 kikirudi duniani, wakafa wote saba waliokuwamo. Uliisoma kama wengine wanavyosoma Zaburi. Kule Lusail, ulikokuwa afisa wa usalama kwenye mjengo, uliwakusanya watu kila asubuhi kabla ya zamu ukawasimulia. Rafiki yako Omondi, fundi wa vyuma, anakuiga mpaka leo: "Yalla, sikizeni! Kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tangi, kikagonga bawa la kushoto. Hiyo ndio sababu? Zii! Hapo ndio maswali yanaanza. Povu lilikuwa limeanguka safari zingine, na watu wakarudi salama. Wakazoea. Sasa wewe, hapa site umezoea nini?"

Kulikuwa na sehemu moja uliyotusomea nyumbani kila Februari, tukiwa tunataka kula. Wahandisi kadhaa waliingiwa na wasiwasi siku zile chombo kikiwa bado huko juu, wakaomba bawa lipigwe picha. Picha hazikupigwa. Ulikuwa ukifika hapo unavua miwani na sauti inakubadilika, kana kwamba wale saba ni wa ukoo wetu. Watoto walikuwa wanatazamana. Mimi nilikuwa nakuambia mboga zinapoa.

Kazini, likitokea jambo hata dogo, uliwaketisha wote waliokuwapo. Kila mmoja aliandika alichokiona kwa macho yake, na tarehe. Kumtaja mkosaji ulikataza, na neno "kawaida" ulilikataza kabisa. Kiprono, mlinzi wa lango, aliwahi kuandika kwamba winchi inalia kama kawaida. Ulimrudishia karatasi mara tatu. Winchi ilipofunguliwa, waya wake ulikuwa umekatika nyuzi nusu nzima, na chini yake ndipo watu walipokuwa wakipumzika mchana. Kiprono alitusimulia hayo siku tuliyokusindikiza uwanja wa ndege, ukiwa ndani ya sanduku, akilia kama mtoto.

Novemba iliyopita Cheryl wetu, ambaye sasa ana miaka kumi na saba, aliniuliza, "Mum, lakini Daddy si alikuwa fiti? Hii kitu ilianza lini?" Basi Ijumaa moja, siku ya ibada huku, baada ya kanisa nilimwita Omondi, tukakaa mezani, nikampa kila mtu karatasi. Tulifuata utaratibu wako.

Cheryl aliandika kwamba Januari alikukuta alfajiri tatu umelala umeketi kwenye sofa. Ulimwambia ulikuwa ukitazama habari, na televisheni ilikuwa imezimwa. Mdogo wake Arnold aliandika kwamba tangu lifti iharibike ulikuwa ukisimama ghorofa ya pili na kujifanya unasoma simu. Omondi aliandika la zamani zaidi. Julai 2016 ulikaa chini ghafla kazini, umeshika kifua, ukamwambia, "Buda, usimwambie Mama Cheryl. Atanipeleka hosi kwa daktari, na mwezi ujao ndio mkataba unarenewiwa; wakijua naumwa hawaniongezi."

Na mimi, Herbert, ni muuguzi. Niliandika kwamba tangu Desemba nilikununulia chupa nne za dawa ya kiungulia. Wodini mgonjwa akigusa kifua namwuliza maswali ishirini. Wewe sikukuuliza hata moja. Nilikuwa nimechoka na zamu, nawe ulikuwa ukinichekesha, nikaona yamekwisha.

Tuliziweka karatasi zile nne pamoja, tukauona ugonjwa wako wote, tangu mwanzo. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake, na kila mmoja alikikalia. Mkosaji hatukumwandika, maana ulikataza. Lakini mimi najuta, na nitajuta mpaka nikufuate. Omondi naye hajavuka kizingiti chetu tangu siku ile, ingawa tumemwita na tunamwita tena hapa: njoo, shemeji, hatuna kinyongo.

Mwezi uliopita nilijipa moyo nikampigia simu mama yako kule Nyamira, nimsomee karatasi zote nne. Nilijua atanilaumu, na nilikuwa tayari. Ya kwangu niliisoma mwisho. Nilipomaliza, mama akasema, "Kerubo mwanangu, andika na yangu. Krismasi ile ya mwisho alipokuja, kile kilima cha kwenda mtoni kilimshinda. Alikaa kwenye jiwe, akanishika mkono, akaniomba nisikuambie. Nami nikamtii."

Tumeiandika, Baba Cheryl. Sasa karatasi ni tano.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Kerubo. Watoto wako Cheryl na Arnold. Mama yako Moraa. Ndugu yako Dedan. Na rafiki zako Kiprono na Omondi. Ulale salama. Kwetu hutasahaulika hata siku moja.